Lori la vyuma vitano kwenye picha ya Costermansville: Chevrolet, Ford au nini?

Dada_Ibanda (Bukavu)

Jambo yenu wote. Napanga picha za zamani za familia na moja imenikwamisha. Ni ya karatasi, sentimita 6 kwa 9, kingo zimekatwa mawimbi-mawimbi, na nyuma pameandikwa kwa kalamu "Costermansville", jina la zamani la Bukavu, bila mwaka. Katikati kuna lori la mizigo lililosimama kimshazari, uso na ubavu vyote vinaonekana. Grili, yaani uso wa vyuma wa mbele, ina vyuma vitano vya mlalo, kioo cha mbele kina mstari wima katikati, na nyuma tairi ni mbili-mbili kila upande. Jina kwenye boneti halisomeki. Mbali kidogo kuna gari dogo lililotupa mgongo, nadhani Volkswagen. Programu moja ya simu inasema lori ni Ford ya 1948, nyingine inasema Chevrolet ya 1955. Nifuate alama gani?

Fundi_Birere (Goma)

Dada, zote mbili zimekosa, na sababu inaonekana kwenye maelezo yako mwenyewe.

Vyuma vitano peke yake havitoshi, maana Ford F za 1948 hadi 1950 nazo zina vitano. Tazama taa. Kwenye Ford, taa zimekaa kwenye ncha za vyuma hivyo, ndani ya uso mmoja uliozama. Kwenye Chevrolet, taa ziko juu ya madigadi, na grili imebaki peke yake katikati. Halafu kioo: Ford ya miaka hiyo ina kioo kimoja bapa, hakina mstari. Chako kimegawanyika, basi Ford imetoka.

Chevrolet ya umbo hilo ilianza katikati ya 1947. Mwaka 1954 ilibadilishwa uso: kioo kikawa kipande kimoja, na grili ikapata chuma kinene kinachokatiza katikati. Kwa hiyo la kwako ni la kati ya 1947 na 1953. Kabla hujaandika Chevrolet, hakikisha juu ya grili hakuna herufi tatu za GMC, maana magari hayo mawili yametumia kebini moja.

Sasa nenda mlangoni, huko ndiko mwaka ulikojificha. Kuanzia 1951 dirisha la mlango lina kijidirisha cha pembetatu upande wa mbele, cha kuingiza hewa. Kabla ya hapo ni kioo kimoja tu. Mkono wa mlango nao: hadi 1951 ni wa kuzungusha kwenda chini, na kuanzia 1952 umetulia na una kitufe cha duara cha kubonyeza. Pembetatu pamoja na mkono wa kuzungusha ni 1951. Pembetatu na kitufe, pamoja na kioo cha vipande viwili, ni 1952 au 1953. Angalizo moja: milango hubadilishwa gari likigongwa, kwa hiyo kama mlango wa upande wa pili unaonekana kwenye picha nyingine, linganisha.

Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)

Naongeza jambo ambalo huku Katanga linatusumbua sana: upande wa usukani. Kongo ya Wabelgiji ilikuwa ikiendesha kulia, usukani kushoto. Rodezia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Uganda na Tanganyika zilikuwa zikiendesha kushoto, usukani kulia. Ukikuta lori la usukani wa kulia kwenye picha ya Élisabethville (Lubumbashi ya leo), kuna mambo mawili: ama limevuka mpaka, ama picha imesafishwa kwa kugeuza filamu. Usikisie. Soma nambari ya gari au kibao cha duka. Kama hakuna maandishi, tazama shati au koti la mwanamume: vifungo hukaa upande wake wa kulia. Vikiwa kushoto kwake, picha imepinduka.

Na malori yaliyovuka mpaka mara nyingi ni ya Kiingereza, hasa Bedford, au ya Kanada yenye majina yanayochanganya. Fargo, kwa mfano, ni Dodge iliyovaa jina jingine. Mtu akitafuta "kiwanda cha Fargo" atazunguka bure.

Dada_Ibanda (Bukavu)

Aksanti sana. Nimetazama kwa kioo cha kukuzia. Taa ziko kwenye madigadi, herufi za GMC hazipo, usukani kushoto, na nambari inasomeka vizuri, haijapinduka. Pembetatu ya dirisha ipo. Mkono wa mlango una ukungu, sioni kitufe. Hilo gari dogo lina dirisha la nyuma la umbo la yai, bila nguzo katikati, na bomba moja la moshi upande wa kushoto.

Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)

Hapo umepata kitu kizuri kuliko lori lenyewe. Volkswagen ya dirisha la nyuma lenye nguzo katikati ilikoma Machi 1953. Umbo la yai lilianza hapo hadi Julai 1957, kisha likaja dirisha kubwa la pembe nne. Bomba moja ni la kabla ya Agosti 1955, baada ya hapo ni mawili. Kwa hiyo kijigari hicho kimetoka kiwandani kati ya Machi 1953 na katikati ya 1955.

Sasa angalia vizuri hapa, maana wengi huteleza. Gari linakupa mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia, basi. Halikwambii picha ilipigwa lini baadaye. Gari la 1953 lingeweza kuwa barabarani bado mwaka 1965. Na linalohesabiwa ni gari jipya kuliko yote kwenye picha, hata kama ni kipande kidogo pembeni. Lori ni la 1951 hadi 1953, lakini picha ni ya Machi 1953 au baada yake. Kwa mwaka ambao picha haiwezi kuupita, una jina Costermansville, lililoachwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lichukue kama dalili tu, kwa sababu watu huendelea kuandika jina walilolizoea.

Fundi_Birere (Goma)

Nakubaliana. Kama unataka kujua pia urefu wa lori, tafuta picha inayolionyesha ubavu kamili. Hii ya kimshazari itakudanganya. Pima kwa rula kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, ugawe kwa kipimo cha tairi kutoka juu hadi chini. Chevrolet hizi nzito zilikuwa na urefu wa inchi 137 au 161 kati ya magurudumu. Kwa tairi ya 7.50-20, yenye kimo cha sentimita 93 hivi, ya kwanza inatoa karibu 3.7 na ya pili karibu 4.4. Tairi ikiwa imezama kwenye matope, pima kutoka ukingo wake wa mbele hadi wa nyuma badala ya kimo.

Kwa ule mkono wa mlango, skani karatasi kwa dpi 1200 (nukta 1200 kwa kila inchi). Kwa picha ndogo hivyo, 300 haitoshi. Kama huna skana, piga kwa simu kivulini, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi. Usitumie programu za kunoa picha wala za kutia rangi: zinachora vyuma vya grili na vitufe ambavyo havikuwepo, na wewe utavihesabu kama ushahidi. Tuma picha nzima pamoja na kipande cha mlango, na ubavu wa boneti pia, kwa sababu pale huwa kuna kibao cha CHEVROLET na chini yake jina au nambari ya aina.

Dada_Ibanda (Bukavu)

Sawa. Kwa sasa nyuma ya bahasha naandika kwa penseli: "Chevrolet, 1951–1953, picha si kabla ya Machi 1953." Skani ya mlango na boneti naituma kesho.