Re: Kujifunza meikapu na kupamba maharusi kwa kujitegemea, Mwanza

Kutoka: Achieng, Nyegezi

Hamjambo nyote. Mkenya akitaka kujifunza meikapu hapa Mwanza, kisha apambe maharusi majumbani bila kufungua saluni, aanzie wapi? Na sheria inamruhusu?

Kutoka: Mama Baraka, Kirumba

Dada Achieng, anza na karatasi. Amri ya serikali ya Julai 2025 inamzuia asiye raia kufanya biashara ya saluni, isipokuwa hotelini au kwa ajili ya utalii. Usijipe moyo kwamba kwa kuwa huna kiti wala kioo haikuhusu. Muulize afisa biashara (Nyegezi iko Halmashauri ya Jiji, sisi wa Kirumba tuko Manispaa ya Ilemela), na Uhamiaji uwaulize kama kibali chako kinaruhusu kozi na kazi. Fanya hivyo kabla ya kupokea shilingi ya mtu.

Kozi: kabla ya kulipa, uliza utapaka nyuso ngapi za watu halisi na za rangi gani. Mwalimu anayepaka mwenyewe huku wanafunzi wakipiga picha, mwache.

Fandesheni, ile rangi ya msingi ya uso, haipimwi mkononi. Chora mistari 3 ya rangi zinazokaribiana kwenye taya, ishuke shingoni, ngoja dakika 10, mtoe mteja nje kwenye mwanga wa mchana. Nyingine hukolea zikikauka, ndiyo maana ya kungoja. Inayopotea kwenye ngozi ndiyo yake. Rangi 6 za kuchanganya zinatosha kuanzia.

Uso kuonekana kama una majivu mara nyingi husababishwa na konsila (krimu ya kufunika madoa) ya rangi hafifu iliyopakwa moja kwa moja juu ya doa jeusi. Tanguliza korekta (krimu ya kurekebisha rangi) ya chungwa, au nyekundu kwa ngozi nyeusi sana, kidogo tu, ndipo ufunike. Poda nyeupe ya silika nayo, kioo hakiisemi. Kamera ikimulika, chini ya macho panang'aa meupe. Piga picha ya majaribio kwa flashi kabla mteja hajaondoka.

Praima, inayopakwa kabla ya fandesheni, na fandesheni yenyewe ziwe zote za maji au zote za silikoni. Ukichanganya, hujikunja vipande kama takataka za kifutio, na kwa joto la hapa jasho humalizia.

Usafi ndio unaotenganisha fundi na mbabaishaji. Lipstiki na krimu chota kwa spatula, weka kwenye paleti. Maskara tumia brashi za kutupa, na usirudishe kwenye chupa brashi iliyogusa jicho. Paleti na vifaa vya chuma futa kwa alkoholi ya 70%. Ya 99% hukauka kabla haijaua vijidudu. Wanja wa penseli uchongwe kwa kila mteja.

Kutoka: Rehema, Igoma

Naongezea. Muulize mteja kama anatumia mkorogo. Ngozi iliyochubuliwa huwaka hata kwa bidhaa nzuri. Gundi ya kope za bandia ijaribu nyuma ya sikio saa 24 kabla, kwani yenye mpira huwadhuru baadhi ya watu. Siku yenyewe ipake kwenye kope hiyo ya bandia, ngoja sekunde 30 inate, ndipo ubandike. Ikiwa mbichi huteleza.

Sokoni Makoroboi bei ni nzuri, lakini soma tarehe na kagua kama kifuniko kimefunguliwa. Vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019, na vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku.

Muda: bibi harusi dakika 90, msimamizi na wapambe dakika 40 kila mmoja. Ndoa ikiwa saa 8 mchana na waondoke saa 7, kwa nyuso 5 anza saa 2 na nusu asubuhi. Bibi harusi awe wa pili kutoka mwisho, ili ucheleweshaji umwangukie mwingine. Beba taa ya kuchaji, umeme hauaminiki.

Sengerema sasa kunafikika bila kungoja kivuko, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025. Nauli ya kwenda na kurudi idai pamoja na malipo ya awali.