Mkataba wa saa nne, diski ikaja siku ya tano: makampuni ya matengenezo ya seva yanatuchezea

Ndugu zangu mnaosimamia vyumba vya seva,

Nimesubiri wiki tatu kabla ya kuandika ili nisitukane. Kampuni tuliyoipa kazi ya kutunza seva zetu baada ya dhamana ya mtengenezaji kwisha, ambayo siitaji jina kwa kuwa suala liko kwa mwanasheria, ilituahidi kwa maandishi huduma ya usiku na mchana, sikukuu zikiwemo, ndani ya saa nne. Tulisaini kwa furaha, maana mtengenezaji mwenyewe alitaka karibu mara mbili ya bei hiyo kwa mashine ambazo, kwa maoni yake, tulipaswa kuzitupa na kununua nyingine.

Jumamosi usiku diski moja kati ya nane ilikufa. Wanaoijua RAID 5, yaani mpangilio wa kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data isipotee, wanaelewa: data bado inasomeka, lakini ikifuata ya pili umekwisha. Nikapiga simu ya dharura. Baada ya saa mbili na dakika hamsini kijana mmoja, mwenye adabu kwa kweli, alinipigia akasema, "Kaka, tumelipokea tatizo lako, tunalifanyia kazi." Simu hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa huduma ndani ya saa nne. Jumatatu nilipolalamika, meneja wao alinisomea kipengele: saa nne ni muda wa kuitikia wito, si muda wa kutengeneza. Ndivyo kilivyoandikwa, nami nilikipitisha. Kosa hilo ni langu.

Lisilo langu ni hili. Jumapili fundi alifika mikono mitupu, akaipiga picha ile taa ya rangi ya chungwa kwenye diski, akanakili namba ya kipuri, akaondoka. Hapo ndipo nilipojua kwamba ile stoo ya vipuri ya Dar es Salaam tuliyosifiwa wakati wa zabuni haikuwa na hata diski moja ya aina yetu. Ikaagizwa Dubai. Jumatano saa tisa alasiri, mzigo ukiwa bado forodhani, diski ya pili ikafa na mfumo wa mauzo ukazimika. Tulirudisha nakala rudufu ya Jumanne usiku kwenye seva ya zamani ya majaribio, na wahasibu wakakesha wakiingiza upya mauzo ya siku nzima kutoka kwenye stakabadhi za karatasi.

Alhamisi diski ilifika, moja, ilhali sasa tulihitaji mbili. Niliichomeka nikasoma kumbukumbu zake za ndani: ilikwisha kuwashwa kwa saa 41,000, yaani zaidi ya miaka minne na nusu, na hati ya makabidhiano ilisema "mpya". Sina ugomvi na kipuri kilichotumika, kwa sababu biashara hii kwa sehemu kubwa hutegemea vipuri vya seva zilizostaafishwa kwingine, na ndiyo maana bei yao ni nafuu. Ugomvi wangu ni uongo.

Wala hakuna aliyetudokezea kuhusu masasisho ya programu ya ndani ya seva, ambayo mkandarasi wa nje mara nyingi hana ruhusa ya kuyatoa. Kwa seva za ProLiant, kwa mfano, mtengenezaji wake, HP, ilianza kuyabana tangu Februari 2014, yakawa ya wenye dhamana au mkataba nayo. Tuliuziwa mbuzi kwenye gunia, na kamati yetu ya manunuzi, iliyotazama safu ya bei peke yake, ilishika mdomo wa gunia.

Kama yupo aliyewahi kuingia stoo ya mkandarasi wake kabla ya kusaini, akahesabu diski kwa mkono wake, naomba aeleze aliruhusiwaje. Mimi nilipoomba juzi nimejibiwa kwamba stoo ni siri ya kampuni, na barua hiyo hiyo imeambatanishwa na ankara ya robo ijayo.