Sakata la mkuu wa polisi wa jiji: madiwani wamezibwa mdomo na sheria, au ni woga?

Mlango_wa_Pili
Wanajamvi, naomba ufafanuzi kwa wanaojua serikali za miji ya California. Mkuu wa polisi anatuhumiwa kukalia malalamiko dhidi ya askari wake, wananchi wanajaa ukumbini kila kikao, lakini meya na madiwani wana jibu lilelile: "Hilo ni suala la utumishi, hatuwezi kulizungumzia." Ni kweli, au wanajificha nyuma ya wakili wa jiji? Na wanabanwaje?

Karani_wa_Zamani
Vyote viwili. Miji mingi ya huko inaendeshwa na meneja wa jiji, na kwa kawaida yeye ndiye anayemwajiri na kumwondoa mkuu wa polisi. Madiwani hawana ruhusa ya kumwamuru. Juu ya hapo, kifungu cha 3304(c) cha sheria za serikali za California kinasema mkuu wa polisi haondolewi bila kupewa taarifa kwa maandishi, sababu, na nafasi ya kukata rufaa. Diwani anayetangaza kwenye kipaza sauti kwamba "huyu aende" anampa mtu huyo hoja ya bure mahakamani.

Hasara yake ni ya fedha taslimu. Milwaukee, Agosti 2020, tume inayosimamia polisi na zimamoto ilimshusha cheo mkuu wa polisi Alfonso Morales kwa kauli moja. Desemba jaji akatengua uamuzi kwa sababu hakutendewa haki katika utaratibu, na mwaka uliofuata jiji likakubali kumlipa zaidi ya dola 600,000.

Ila angalia mpaka uko wapi. Sheria ya Brown, ile ya California kuhusu vikao vya wazi vya mabaraza, inaruhusu kikao cha faragha kuhusu mtumishi, haiamuru kiwepo. Kinachokatazwa ni kutoboa siri za humo ndani. Nani anachunguza? Ni mtu wa nje au mtumishi wa jiji hilohilo? Ripoti atakabidhiwa nani, na lini? Mkataba wa mchunguzi ni wa kiasi gani? Hayo hayagusi faili la mtu. Anayekataa kuyajibu hajafungwa na sheria, ameamua mwenyewe.

Fuata_Fedha
Karani kasema vyema. Mimi naongeza: mdomo ukifungwa, soma kura.

Chicago ndiyo darasa lenyewe. Laquan McDonald, miaka 17, alipigwa na polisi risasi 16 tarehe 20 Oktoba 2014. Aprili 2015, siku chache baada ya Rahm Emanuel kushinda duru ya pili ya uchaguzi wa meya, baraza lilipitisha fidia ya dola milioni 5 kwa familia, kura 47 kwa 0, bila mjadala ukumbini, na hata kesi ilikuwa haijafunguliwa. Video ya tukio ilitoka 24 Novemba kwa amri ya mahakama. Tarehe 1 Desemba mkuu wa polisi Garry McCarthy akafukuzwa. Waliopekua mafaili ya baraza walikuwa na dalili miezi saba kabla.

Kwa hiyo kwenye ajenda tafuta ile orodha ya mambo yanayopitishwa kwa kura moja ya pamoja. Mikataba ya uchunguzi hupenda kujibanza humo. Diwani anaweza kuomba kipengele kitolewe kijadiliwe peke yake.

Ukiomba nyaraka huko California, jiji lina siku 10 kukujibu kama linazo, na linaweza kujiongezea 14. Usiandike "kila kitu kuhusu mkuu wa polisi". Utarudishiwa kuwa ombi ni pana mno. Taja aina ya waraka na tarehe. Tangu 2019 mafaili ya askari kufyatua risasi, au udanganyifu uliothibitishwa, yako wazi. Malalamiko mengi ya kawaida bado yamefungwa.

Upande_wa_Tatu
Tusidhani kuwa madiwani wanaosema hadharani ndio wema. Miami, 2021, mkuu wa polisi Art Acevedo aliandika waraka akiwatuhumu makamishna wa jiji kuingilia kazi ya polisi. Meneja akamsimamisha 11 Oktoba, na siku tatu baadaye makamishna, wakiwemo haohao aliowatuhumu, wakapiga kura ya kumfukuza, wote watano. Kesi ikafuata. Meya Francis Suarez, aliyemnadi kwa mbwembwe alipoajiriwa, muda mwingi wa sakata alikuwa kimya.

Tazameni pia chama cha polisi. Watu hudhani kinamtetea mkuu daima, kumbe mara nyingi ndicho kinachompigia kura ya kutokuwa na imani. Diwani anasubiri chama kielekee wapi kabla hajanyanyua mdomo. Fomu 460 za michango ya kampeni ziko kwa karani wa jiji, ulizia.

Mlango_wa_Pili
Shukrani. Mbona basi hata akiulizwa utaratibu tu, pale pale kwenye maoni ya wananchi, diwani anatazama karatasi zake?

Karani_wa_Zamani
Kwa sababu pale ana haki ya kunyamaza. Jambo lisilo kwenye ajenda baraza haliruhusiwi kulijadili, zaidi ya jibu fupi au kumwelekeza meneja. Dakika zako tatu zimekwisha, na yeye hajavunja kitu. Mwandikie diwani mmoja, nakala kwa karani, aombe kipengele chenye jina hili: "Utaratibu wa uchunguzi wa idara ya polisi: mchunguzi, gharama, ratiba." Usitaje jina la mkuu wa polisi, la sivyo wakili atakihamishia faraghani. Ajenda ya kikao cha kawaida lazima ibandikwe saa 72 kabla, kwa hiyo peleka barua wiki mbili mapema. Kikishawekwa, wakipiga kura ya kukiahirisha, kura hiyo inaandikwa kwa majina.