Mnaotuuzia gari za umeme zenye betri zilizochoka huku Nyanda za Juu, leo nawachana

Wakuu habari zenu. Yangu mimi sio nzuri, na atakayekuja hapa na "punguza jazba mkuu" apite tu, nyuzi ziko nyingi.

Kuna watu, wengi wako Dar, kila nikiweka picha ya gari yangu lazima waje kunihubiria. Nina GX100, Toyota Mark II, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, bodi haijaguswa, asubuhi hapa Nzovwe, Mbeya, na hii baridi ya mwezi wa sita ukiiwasha unasikia chuma kinaamka. Wao sasa, "mkuu iuze mapema, petroli ndo imekwisha hiyo, dunia imehamia kwenye umeme, baada ya miaka kumi utafugia kuku humo." Sawa. Nikavumilia. Ila siku hizi wameacha kuhubiri wameanza kuuza, na hicho wanachotuuzia ndo kimenileta hapa.

Kabla hamjanirukia, sina ugomvi na mota ya umeme. Anayeidharau huku juu hajui injini. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 toka usawa wa bahari, hewa nyepesi, na injini isiyo na tabo (turbo, ile inayoisukumia injini hewa) inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000. Yaani zile farasi 140 za kwenye karatasi ya GX100, zinazofika Nzovwe ni kama 116 hivi, zingine zimebaki mlima Kitonga zinahema. Mota haivuti hewa, yenyewe Kyela bondeni na Kitulo mlimani ni sawa tu. Hilo nakubali mchana kweupe.

Hela nayo sibishi. Uniti moja ya LUKU kwa matumizi ya kawaida ni kama shilingi 356 na makodi yake, kwahiyo betri ya uniti 24 unaijaza kwa 8,500 na ushee, petroli kwa hela hiyo ni lita chache tu. Na sisi ndo wa kuambiwa habari ya petroli kweli? Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wasimamizi wa nishati, wanatoa bei ya mafuta, mwezi wa nane 2022 Dar ilifika 3,410 kwa lita watu wakalia mtandao mzima, sisi tulikuwa juu zaidi ya hapo maana bei ya Mbeya ina nauli ya lori ndani yake. Afu kinachoniuma zaidi bomba la mafuta la TAZAMA limetupitia hapa hapa, kilomita 1,710 kutoka Dar mpaka Ndola, dizeli ya Wazambia inapita chini ya miguu yetu sisi tumekaa tunasubiri lori limalize kupanda Kitonga. Basi tu.

Kwahiyo umeme ungekuja kwa heshima hata mimi ningechukua kamoja ka kwendea Mwanjelwa, GX ikabaki ya Jumapili. Haujaja kwa heshima. Umekuja hivi.

Shemeji yangu, kamuoa dada yangu wa damu, kwao Kyela, ana duka hapa mjini. Kanunua gari ya umeme ya mtumba kutoka Japan, yadi moja ya Dar, jina siliweki na aina ya gari siiweki maana sitaki kesi. Kaambiwa chaji ikijaa inakwenda kilomita 200 bila wasiwasi. Gari ikaletwa Mbeya juu ya lori. Muuzaji mwenyewe hakuthubutu kuiendesha hiyo safari, na sio siri kwanini.

Wakaenda nayo Kyela kusalimia wazee. Kwenda wanafurahia kweli, maana kuanzia kule juu Isongole mpaka chini ni mteremko, ukiachia mguu gari inajichaji yenyewe, shemeji ananitumia voisi anacheka, "shem hii kitu inajilisha." Wakalala, wakachaji kwa soketi ya nyumbani. Asubuhi wanarudi imejaa vizuri tu, geji inasoma kilomita za kutosha.

Sasa tulieni niwape hesabu ambayo muuzaji alitakiwa kuwapa. Kyela iko kama mita 500, na kuja Uyole lazima uvuke kule juu mita 2,000 na ushee. Gari na watu ndani, tuseme kilo 1,700. Kuunyanyua tu huo uzito mita 1,700 kwenda juu ni kama uniti 8, hapo hujahesabu upepo, hujahesabu matairi, hujawasha hata taa. Kwenye betri mpya ya uniti 24 hiyo ni theluthi nzima imeishia kwenye kupanda, na bado barabara yenyewe ni zaidi ya kilomita 100. Na hii haikuwa mpya. Baadae nilichomeka kile kidude cha OBD cha bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, nikasoma kwenye simu, afya ya betri asilimia 58. Yaani hizo uniti 24 wamebakiziwa kama 14! Zilizobaki zimeisha Japan huko, mwenyewe wa kwanza kazila, sisi tumelipia mabati.

Wamepita Tukuyu mvua imeanza, ile ya kwetu isiyouliza. Kioo kikaziba mvuke, wakiwasha hita kilomita zinashuka unaziona kwa macho, wakazima hita, dada yangu anafuta kioo kwa khanga shemeji anaendesha kachungulia kwenye kitundu. Kufika Kiwira ikaja taa ya kobe. Wasioijua, ni kataa kenye picha ya kobe kweli, maana yake gari imekata nguvu inakuomba utafute pa kufia. Ikafia mbele ya wamama wa ndizi. Watoto wamelowa, wamama wanawapa pole, bodaboda wamejaa wanauliza imeisha wese? Dada yangu akawajibu imeisha umeme, wakacheka, na mimi nilivyosimuliwa sikucheka.

Na kuvutwa kwa kamba hakuna, mengi ya haya ukiyaburuza huku matairi ya mota yanazunguka unaua na mota. Ikabidi itafutwe Canter, lori dogo, tupu inayopanda Uyole, vijana wakainyanyua na mbao, hela ikatoka. Canter ya dizeli bwana, inatoa moshi mweusi kama ina hasira, imebeba gari ya kisasa.

Jioni shemeji kampigia muuzaji, simu iko spika nasikia kila kitu.

"Bosi kwani ulipandisha mlima?"

"Kaka mimi naishi Mbeya, nisipandishe mlima nipite wapi?"

"Aah, basi hiyo gari ni ya mjini bosi wangu. Afu mtumba ukishakabidhiwa ni ulivyoikuta."

Ulivyoikuta! Mtu hajakuonyesha, utaikutaje? Hapa ndo hasira yangu ilipo wakuu na naomba msinihamishe hapa. Gari ya petroli ya mtumba tunajua kuikagua toka tukiwa watoto. Unafungua kifuniko cha oili, unaangalia moshi ni wa rangi gani, unasikiliza tapeti, unavuta stiki ya gia boksi unanusa, fundi anapima kompresheni, mkishindwana bei unaondoka. Betri haitoi moshi. Haigongi. Imekaa chini ya viti imenyamaza. Gari inang'aa, kwenye karatasi ya mnada gredi 4.5 inasifia rangi na viti, na zile karatasi za ukaguzi alizopewa shemeji zina breki, taa, tairi, kila kitu, asilimia ya betri hakuna mstari wake. Na kukijua ni kidude cha bei ya kuku na dakika tano. Yadi wanacho. Wakikitumia kwa siri wakati wa kununua wao, wakati wa kukuuzia wewe wanakuwa vipofu.

Gari zenyewe nyingi zinazofika ni za zamani. Nissan Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010, za kwanza kwanza zilikuwa na betri ya uniti 24 isiyopozwa kwa maji, zikiwa mpya kabisa Wamarekani walizipima wakapata kama kilomita 117. Mpya! Kwenye barabara zao! Kwahiyo mtu akikuambia mtumba wa enzi hizo unakwenda 200 na wewe unakaa Iringa, Njombe, Makete au Mbeya, muulize anapimia wapi, kwenye kigae?

Gereji nayo. Nina fundi wangu pale Mafiati, huyu jamaa aliwahi kushusha injini ya GX yangu akairudisha usiku kwa tochi ya simu, simu yenyewe nimeshika mimi. Nimempelekea gari ya shemeji, kafungua boneti, kaona zile waya nene za rangi ya chungwa, karudi nyuma hatua moja, kajifuta mikono kwenye ovaroli taratibu. "Broo, hapa sishiki. Nina watoto." Na yuko sahihi kabisa, kule ndani kuna volti 300 na kitu za DC, zinaua. Kijana wake mdogo akataka kuingiza tester ya balbu, kamchapa kofi la mkono hapohapo. Betri nyingine tukaulizia, tukaambiwa ni zaidi ya nusu ya alichonunulia gari, tena uagize usubiri meli.

Mtaniambia Norwe. Nawajua nyie, lazima Norwe ije. Ndio, 2024 karibu gari tisa katika kila kumi mpya zilizouzwa kule zilikuwa za umeme. Mpya. Umesoma hilo neno? Wao wananunua mpya, wanazitembelea, wakizichoka zinaingia mnadani. Wengine mnakuja na Ethiopia, kweli 2024 wamepiga marufuku kuingiza gari binafsi za mafuta, wana bwawa la megawati 5,150 na hela ya kigeni ya kununulia mafuta inawasumbua, wana sababu zao. Sisi tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, mashine tisa, nalipongeza bila unafiki. Ila umeme wa Rufiji na tundu la kuchajia gari pale Makambako ni mambo mawili. Barabara ya Dar naipiga sana, Ruaha Mbuyuni, Ilula, Mafinga, Makambako, Igawa, sheli zimepangana, kituo cha kuchaji gari kuanzia Morogoro kuja huku macho yangu hayajakiona. Na ile waya ya chaji inayokuja na gari kichwa chake si cha soketi zetu, shemeji kawekewa plagi ya kawaida akachomeka kwenye extension ya dukani, ikayeyuka ikanukisha nyumba nzima.

Na nyie wa Subaru msijifanye hamhusiki. Ule mngurumo wenu wa injini ya EJ20 unatokana na mabomba ya eksozi yasiyolingana urefu, injinia wa darasani atakwambia ni kasoro, lakini Iringa rally ikija watoto wanaitambua gari kabla haijatokea konani. Hicho hakichajiwi. Ila sijaja kulia juu ya sauti, sauti nitajua mwenyewe na GX yangu.

NYONGEZA: nimesoma majibu yenu.

Aliyesema "kwani lazima aende Kyela", mkuu ni kwao. Unataka akazikwe wapi?

Aliyesema angechukua haibridi, yenye petroli na umeme pamoja, uko sawa kidogo, Prius ipo toka 1997 na betri ikichoka walau injini ya petroli inakurudisha nyumbani. Fungua uzi wako tuje.

Anayesema mafundi wapo Dar, asante, kilomita 800 na kitu, tutaipeleka kwa Canter?

Ninachotaka ni kidogo sana. Muuzaji yeyote wa gari ya umeme ya mtumba aandike asilimia ya betri kwenye risiti, na aandike ilisomwa siku gani. Asipoandika usitoe hata mia. Na mnunuzi nenda na kidude chako, usitumie cha kwake.

Afu kama kuna mtu anamjua fundi kuanzia Iringa mpaka Tunduma aliyewahi kufungua betri ya namna hii, akabadilisha seli, na gari ikapanda mlima ikarudi, aweke hapa ni wapi na alitoza bei gani. Hapa hapa, sio inbox. Na wewe wa yadi najua unasoma maana shemeji kakutumia linki, gari iko uani kwake Soweto ya hapa Mbeya imefunikwa turubai, chaji imejaa. Njoo uiendeshe mwenyewe mpaka Kyela na kurudi, ndizi za njiani nalipia mimi.