LibreOffice inaonekana ya kizamani, wateja wanakimbia

Mwenye steshenari, Morogoro: Wakuu, nina kompyuta 4 za wateja, zote LibreOffice (programu ya bure ya kuandikia, kama Word), maana hela ya leseni ya Word sina. Mwanachuo akikaa tu: "Kaka, mbona Word ya zamani hivi?" Jana mmoja kaacha barua ya kazi katikati, huyoo kwa jirani. Naweza kuibadilisha sura?

Fundi Chuma: Unaweza, toka toleo la 6.2 la mwaka 2019. Ingia View, User Interface, chagua Tabbed, halafu Apply to All. Vitufe vinajipanga kwa vichupo kama walivyozoea.

Dada Lahajedwali: Mimi siipendi, inakula skrini. Kama zako ndogo, weka Tabbed Compact.

Mwenye steshenari: Skrini za inchi 15, nimefuata ya dada. Ila menyu za juu zimepotea zote! Tools naipataje?

Fundi Chuma: Kuna kialama juu kushoto kabisa, kibonyeze zitarudi. Ukiingia Tools, Options, Load/Save, weka faili zihifadhiwe kama docx (aina ya faili za Word), la sivyo malalamiko yataanza upya.

Mwenye steshenari: Nimeiona. Leo dogo kachapa CV nzima, swali lake lilikuwa bei tu.