Tupeane uzoefu: kitu gani ulikitengeneza kwa mikono yako na mpaka leo familia inakitumia?

Mama Kihonda

Habari za jioni wapendwa, poleni na majukumu.

Kila nikishika simu nakutana na tangazo la mafunzo: njoo ujifunze sabuni upate mtaji, njoo ujifunze keki upate mtaji, batiki, shanga, karanga za mayai, vyote mtaji. Sina ugomvi na biashara, maandazi yangu ya asubuhi ndiyo yanayomlipia mtoto daftari na sare. Kinachoniuma ni kwamba kile ambacho mama anakitengeneza kikabaki ndani, watoto wakakilalia, wakakichezea, wakakivaa, hakihesabiwi kuwa kazi. Ukiulizwa unafanya nini siku hizi unajibu "nipo tu nyumbani". Kumbe huyo aliyepo tu nyumbani ndiye aliyeshona mashuka, aliyeziba neti, aliyegeuza suruali kuukuu ya baba kuwa mkoba wa shule.

Basi naomba tuelezane vitu vya namna hiyo. Taja kimoja au viwili, ueleze ulivyotengeneza kiasi cha mwenzio kuweza kuiga, na useme kwa nini kimedumu.

Naanza na kapu langu la kupikia, linalotunza joto chakula kikaiva bila moto. Ni tenga la mianzi, dogo, lenye mdomo mpana. Ndani nimelizungushia blanketi kuukuu, nikashona vifuko vya shuka, nikavijaza sufi na kuvipanga chini na pembeni mpaka katikati pakabaki shimo la sufuria yangu ya maharage, ikiingia inabana. Juu kuna mto mnene wa sufi unaofunika kila kitu. Sufi tuliokota na watoto chini ya msufi ulio njia ya shambani, tukawa tunatoa mbegu jioni kwa jioni. Kazi hiyo fanyieni mahali pasipo na upepo, na mwenye pumu akae mbali nayo.

Maharage nayaloweka usiku. Asubuhi nikishamaliza maandazi jiko bado lina moto, nayaweka kwa maji mapya, yanachemka kwa nguvu nusu saa nzima. Hapo msikatishe. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu inayoondoka kwa kuchemka kwelikweli, joto la uvuguvugu haliitoi. Kisha sufuria inaingia kapuni ikitokota, na mfuniko wake, mto juu, hakuna kufunua. Maji naweka pungufu kuliko kawaida kwa sababu mvuke hauna pa kwenda. Baada ya saa nne nikitoa yameiva, nayarudisha motoni yachemke tena, naunga kwa kitunguu, nyanya na tui. Sufuria iwe imejaa au karibu kujaa, maana chakula kidogo ndani ya sufuria kubwa kinapoa haraka.

Siku ambazo sikaangi maandazi natumia gesi, na hapo ndipo ninapoliona kapu thamani yake. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034, nami gesi naipenda, ila maharage ndiyo yanayomaliza mtungi. Sasa mtungi mdogo unanifikisha mwisho wa mwezi.

Karibuni.

Mama Wawili

Dada hongera sana. Naomba kuuliza, wali unakubali?

Mama Kihonda

Unakubali vizuri tu. Mchele ukishachemka dakika tano hivi unauingiza kapuni na maji yake, baada ya saa moja unakuta umekauka na kuchambuka. Hauna ukoko, wapenda ukoko mnisamehe.

Bint Wete

Assalaam alaykum. Mie nina mkeka wa kulia chakula. Niliushona nikiwa na mimba ya kifunguamimba wangu, na wadogo zake wote wametambaa juu yake.

Miyaa ya mkindu tuliianika mpaka ikawa myeupe, mingine tukaichemsha na rangi: nyekundu, zambarau na kijani. Ukishaichana upana sawa unaanza kusuka ukili, ule ukanda mrefu mwembamba wa miyaa. Nitasema kitu kuhusu ukili, kwa sababu mleta mada ametaja kazi isiyohesabiwa. Hii ni kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye watoto. Haitaki umeme wala meza. Mtoto akilia unauweka chini, unamnyonyesha, unarudi unaukuta pale pale ulipoishia. Mgeni akija mnasuka mkizungumza. Mama yangu alikuwa akisuka huku anamsomesha mdogo wangu juzuu, mkono unakwenda na jicho liko kwenye msahafu, ikikosewa herufi anaisahihisha hapo hapo.

Ukili ukitimia pima za kutosha unaushona upande kwa upande kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, na uzi wa miyaa. Hapo ndipo panapotaka utulivu, kwa sababu ukivuta uzi sana mkeka unajikunja kama jani kavu, ukilegeza unaacha matundu. Mie nilipoanza kushona mama alikuwa akipitisha kiganja kwenye kila mshono, kama vidole vinaingia unafumua.

Utunzaji: ufute kwa kitambaa chenye unyevu, uanike kivulini kwenye upepo kwa sababu jua kali linapausha rangi. Uviringishe, usiukunje. Wetu umekatika pembeni mara kadhaa, nauwekea kipande cha ukili kipya na maisha yanaendelea.

Mama Gunia Nakuru

Hamjambo nyote. Mimi niko Nakuru, tunaishi ploti ya kupanga, hakuna hata futi moja ya shamba. Mlangoni nina magunia ya sukumawiki, spinachi na managu.

Watu wengi hujaza gunia mchanga, yaani udongo, na mbolea, wanamwaga maji juu, miche ya chini inakauka. Siri iko katikati. Chukua kopo kubwa ulilolitoboa pande zote mbili, liwe kama bomba. Lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, halafu zungushia mchanga uliochanganya na samadi iliyooza. Ukifika kimo cha kopo unalivuta juu, kokoto zinabaki, unajaza tena. Ukimaliza una mnara wa kokoto kutoka chini hadi juu, na maji ukiyamwaga hapo yanafikia kila upande. Pembeni unatoboa vishimo kwa kisu, unapanda miche ukiipishanisha. Usitoboe vikubwa, mchanga utamwagika.

Maji ninayotumia ni ya kuoshea mchele na mboga. Ya sabuni simwagii. Watoto wangu kila mmoja ana upande wake wa gunia na anaujua. Wakitoka shule wanaangalia viwavi, wanatoa kwa mkono.

Imedumu kwa sababu jioni nikichelewa kazini, kijana wangu mkubwa anachuma, anakata, anapika na ugali. Simpigii simu kumwambia mboga iko wapi.

Dada wa Mbagala

Mama Kihonda nakuheshimu lakini hapa tutabishana kidogo. Mimi sabuni ya maji nilianza kwa ajili ya nyumba, na isingekuwa majirani kununua ningeshaacha. Malighafi haziuzwi kijiko kijiko. Ndoo moja ya lita 20 inakaa muda mrefu mno kwa familia ya watu watano. Wateja wangu wa ujirani ndio wanaonifanya nitengeneze mpya kila mara, na watoto wangu hawakosi sabuni ya vyombo.

Uzoefu wangu kwa anayetaka kuanza: salfoniki asidi, moja ya malighafi za sabuni hii, inaunguza. Vaa glovu, tumia ndoo ya plastiki na mwiko wa mti, na fanya watoto wakiwa shule. Sodashi iloweke kwenye chombo chake mapema ipoe. Chumvi ndiyo inayoifanya sabuni iwe nzito, ila iweke kidogo kidogo huku unakoroga, kwa sababu ikizidi sabuni inarudi kuwa maji na hutaipandisha tena kwa kuongeza chumvi. Iache usiku kucha povu lishuke ndipo uone uzito wake halisi.

Mama Kihonda

Dada wa Mbagala nimekuelewa na hoja yako ni ya kweli, kuna vitu ujazo wake unakulazimisha uuze. Ila hata wewe umeanza kwa kutaja vyombo vya watoto wako.

Nesi Mstaafu

Wanangu, nimefurahi kuwasoma. Nina mawili ya kusema.

La kwanza ni hizo sabuni. Tafadhali sana msizifungashe kwenye chupa za soda, juisi wala maji ya kunywa. Mtoto wa miaka miwili haangalii kilichomo ndani, anaiangalia chupa. Mafuta ya taa na dawa za madoa ni hivyo hivyo. Kwenye kazi yangu nimewapokea watoto wa namna hiyo usiku, na mama zao wote walikuwa wanawapenda. Tumieni madumu yasiyofanana na ya vinywaji, yawekeni juu.

La pili, kitu changu: unga wa uji wa wajukuu. Siku hizi naona mifuko ya lishe yenye nafaka na mbegu za kila aina zimesagwa pamoja. Mimi nasaga nafaka peke yake, ulezi au mahindi. Karanga nakaanga kidogo, natwanga za siku chache tu, naweka kwenye uji unapokaribia kuiva. Karanga zilizosagwa hazikai, mafuta yake yanachacha. Na kabla ya kukaanga nakaa chini na ungo na mjukuu wangu mkubwa, tunachambua. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, inatupwa, kuku wasipewe. Ukungu huo unaleta sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya kwenye mahindi. Mahindi yaanikeni juu ya turubai, msianike ardhini.

Mtoto anaanza uji akitimiza miezi sita, kabla ya hapo ni ziwa la mama tu. Asali msimwekee kabla hajatimiza mwaka.

Baba Tunu

Shikamoo mama. Nimeruhusiwa kuchangia? Mke wangu ana zamu za usiku kwa hiyo jioni ni mimi na mabinti. Tulitengeneza mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukalia. Mbao ya mninga iliyobaki kwa fundi, chuma nilikitengenezesha kwa mhunzi. Nimeiweka chini kuliko za kawaida ili binti wa miaka kumi akae vizuri bila kujikata. Anakuna nazi kuliko mimi.

Mama Kihonda

Karibu sana kaka, hapa ni pa wazazi wote.

Mama Makambako

Huku kwetu Njombe mwezi wa sita na wa saba baridi inauma mpaka kwenye mifupa. Nafuma. Kofia, soksi na sweta za watoto. Sweta ya mkubwa ikimbana naifumua, nyuzi nazizungushia mgongo wa kiti, naziosha na kuzianika zikiwa zimening'inizwa na kitu kizito chini ili zinyooke, kisha nafumia ya mdogo nikiongeza mistari ya rangi nyingine. Ile ya kijani iliyopo sasa hivi kwa kitinda mimba imepita kwa dada zake wote wawili. Mikono fumeni kuanzia begani kushuka chini, mtoto akirefuka unafungua ncha na kuongeza.

Mabaki ya nyuzi ni nywele za wanasesere. Mwili wake ni kitambaa cha kitenge, tumbo natia vipande vya nguo vilivyokatwa vidogo. Macho nadarizi, vifungo sitii, maana mtoto mdogo atakimeza.

Mama Wawili

Mimi ni mifuko ya sokoni. Ile mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 nilichukua kanga zilizochakaa, nikawa nashona mbili mbili, ya juu na ya ndani, kwa mkono. Jina la kanga nalikata liangukie mbele. Muuza samaki ananitambua kwa mfuko.

Shangazi Ilala

Nina mkaa wa chenga. Kila gunia la mkaa linaacha chenga chini na watu wanazimwaga. Mimi nakusanya, na jirani zangu wananipa zao. Nazitwanga, nazichekecha kwa chekeche. Ndoo ndogo ya lita kumi ya chenga naipikia uji mzito wa nusu kilo ya unga wa muhogo, ule usiofaa tena kuliwa. Nachanganya ungali vuguvugu. Ukifinya kiganjani utoke mzima, usichuruzike wala kupasuka. Wengine wanatumia udongo wa mfinyanzi, nao unashika, ila majivu yanakuwa mengi na moto mdogo. Kisha watoto wanafinyanga vidonge vya ukubwa wa limau, hiyo ndiyo kazi wanayoigombania kuliko zote, wanatoka weusi mpaka masikioni, nawaogesha wote kwa pamoja.

Unawaka taratibu na haurushi cheche. Mzuri kwa makongoro. Lakini ni mkaa, kwa hiyo usiuwashe ndani mmefunga milango, una hewa ya sumu sawa na mkaa mwingine.

Mama Gunia Nakuru

Shangazi, na msimu wa mvua unakaushaje? Huku kwetu ikianza haikati.

Shangazi Ilala

Masika sitengenezi mwingi, mwanangu. Ila ukilazimika, vipange kwenye chekeche la waya au wavu uliowambwa kwenye fremu, uuweke darini au chini ya baraza penye upepo, vidonge visigusane. Juani vinakauka siku tatu nne, kivulini hata wiki mbili. Vigeuze kila siku. Kimoja kivunje katikati uone, ndani kukiwa na unyevu ujue havijakauka, maana kidonge kibichi kitatoa moshi mwingi na hakitashika moto. Vikikauka vihifadhi kwenye kiroba juu ya kichanja, visikae kwenye sakafu.

Mama Gunia Nakuru

Asante sana shangazi. Hapa kwangu kuna chenga za kutosha, kesho naanza na ndoo moja.