Naomba ushauri: nataka kutunga nyimbo tulivu za ufukweni kwa Kiswahili, za kupiga na gitaa kavu

Kucharaza Jioni:
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mpiga gitaa, naishi Jambiani, Unguja. Napiga kwenye hoteli moja ya ufukweni, gitaa kavu na sauti yangu tu, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili usiku. Adhana ikilia nanyamaza, ikiisha naendelea. Wageni wanaomba ule muziki wa taratibu, nyimbo za kina Jack Johnson, yule mwimbaji wa Hawaii: bahari, mawimbi, maisha bila presha. Na mimi naupenda kwa moyo wote, sio kwa sababu ya posho. Ukipigwa vizuri, mtu aliyekuja na simu mbili mkononi anaziweka chini mwenyewe.

Sasa nataka kutunga zangu kwa Kiswahili. Nikishika kalamu zinatoka kama tangazo la utalii: dafu, mnazi, jua, karibuni wageni. Lakini ufukwe huohuo asubuhi mama yangu yuko kwenye mwani, maji magotini, na baba anarudi na ngalawa. Nikiyaandika hayo wimbo unageuka huzuni, na meneja ameshaniambia hataki nyimbo za huzuni. Nifanyeje wimbo ubaki tulivu na bado uwe wa kwetu kweli?

La pili, nyuzi zangu zinashika kutu upesi mno. Nawasilisha.

Fundi Nyuzi:
Mkuu, naanza na kutu kwa kuwa ni jepesi. Chumvi ya upepo ikichanganyika na jasho la vidole, uzi wa chuma haudumu. Kila ukimaliza kupiga, futa uzi mmoja mmoja kwa kitambaa kikavu cha pamba, juu na chini yake, kisha gitaa lirudi kwenye kasha na kasha lifungwe. Usilitundike barazani. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, vitie ndani ya kasha.

Ukipata uwezo, tafuta gitaa la nyuzi za nailoni. Zile nyuzi tatu nyembamba hazina chuma kabisa, na sauti yake ni laini, inafaa huo muziki wako. Ila tafadhali usije ukafunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Mvuto wake ni mkubwa, daraja (kile kibao kinachoshika nyuzi) litabanduka.

Mzee wa Besi:
Kijana wangu, huo utulivu unaoogopa kuuharibu umetoka kwa watu wa kazi. Chukua Hawaii. Miaka ya 1830 walifika wachunga ng'ombe kutoka Mexico wakiwa na magitaa. Wenyeji wakayapokea na kuanza kulegeza nyuzi, mpaka gitaa ukilipiga bila kubana popote linatoa kodi nzima, yaani sauti kadhaa zinazopatana. Gumba linatembea na besi, vidole vingine vinaimba. Ukulele, kile kigitaa cha nyuzi nne, nao ulizaliwa baada ya meli Ravenscrag kufika Honolulu mwaka 1879 na watu wa Madeira waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Walibeba kigitaa chao kidogo cha kwao. Hao hawakuwa watu wa kulala kwenye machela kutwa.

Jaribu leo. Shusha uzi wa sita uwe sauti ya D, wa tano uwe G, na wa kwanza uwe D. Nyuzi tatu za katikati usiziguse. Sasa una D-G-D-G-B-D. Piga wazi, acha sauti ilie mpaka ikatike yenyewe, halafu ndiyo uanze kuimba.

Kisha msikilize Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, Kongo, yule aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952. Gumba na kidole cha shahada tu, na unaweza kuapa wako watu wawili. Hakuwa mtu wa pwani, lakini mkono wake wa kulia ndio unaoutafuta wewe. Na mapigo usiyatoe mbali: chakacha tunayo, ngoma yetu ya harusi ya pwani, ya mapigo sita. Ipunguze mwendo mpaka nusu ya ule wa harusini, ibaki kama pumzi. Huzuni haiwezi kukaa juu ya chakacha hata ukitaka.

Binti wa Paje:
Kaka, mimi nimekulia kwenye mwani, na hapo kwenye huzuni naomba nikukatalie. Kazi ni ngumu, sikatai. Bahari kupata joto kumeua ile aina ya mwani yenye bei nzuri, mama zetu wengi wamebaki na ile ya bei ndogo. Lakini umeshawahi kukaa nao wakati maji yanaanza kurudi? Wanapiga soga, wanacheka, wanataniana kuhusu waume zao, na mikono haijasimama kufunga mbegu kwenye kamba. Huo ndio utulivu wa pwani. Mgeni anauona kutoka mbali na kuupiga picha, wewe unaujua majina yake. Imba unachokiona, neno "taabu" usilitaje na neno "raha" usilitaje.

Wa Mapokezi:
Nimefanya kazi hotelini muda mrefu, niseme upande wa meneja. Anachoogopa ni meza kuhama. Wimbo wako mpya usiufungue nao. Uweke katikati ya mbili wanazozijua, usiutangaze kwa maneno mengi, sema tu "huu ni wimbo wa mama yangu" na uanze.

Na asikwambie mtu kwamba wageni hawataki Kiswahili. "Jambo Bwana" wameitoa Them Mushrooms wa Mombasa mwaka 1982, bendi iliyokuwa inapigia watalii mahotelini, na mpaka leo kuna wageni wanashuka uwanja wa ndege wanaijua.

Mengine mawili. Makubaliano yako na hoteli yawe ya maandishi, yakieleza utalipwaje masika, maana Aprili na Mei hoteli nyingi hufunga au hupunguza watu. Miezi hiyo itumie kurekodi. Na kabla hujaweka wimbo mtandaoni, usajili COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar.

Kucharaza Jioni:
Nawashukuru sana, wote. Mzee, nimelegeza nyuzi kama ulivyosema na sijalala. Nimeanza hivi, nisemeni:

*Bamvua maji yakipwa, mama huenda mwanini,*
*Kanga kajifunga vyema, kamba ziko mabegani.*

Mzee wa Besi:
Mizani (silabi) nane kwa nane, safi. Kina cha mwisho kimekaa, cha kati bado: "yakipwa" na "vyema" havipatani, na kwenye chakacha ya polepole sikio linasimama hapohapo. Geuza mstari wa kwanza: *Maji yakipwa mapema, mama huenda mwanini.* Neno bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, utaliingiza mbele.

Binti wa Paje:
"Mapema" ni kweli pia, siku za bamvua maji yanakupwa sana asubuhi. Na kamba mabegani ni sawa wakati wa kwenda, zikiwa zimeshafungwa mbegu. Akirudi ni gunia kichwani, limelowa, maji yanamtiririka mgongoni. Ubeti wa pili mrudishe nyumbani hivyo. Ukimaliza weka sauti hapa, nimsikilizishe mama.